Nilisoma Kitabu cha Trauti Nikiwa Tezo

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, nilipata kibarua cha kutafsiri kijitabu cha kurasa nane kuhusu kuvua trauti mtoni wakati wa vuli. Kusema kweli neno "vuli" ndilo lililonikwamisha. Kiingereza kilitaja yale majira ambayo majani hugeuka rangi na kudondoka, na kamusi zangu zote zikasema: vuli. Nikainua macho nikatazama nje. Pale kwetu Tezo vuli ilikuwa inanyesha. Mahindi ya mama yalikuwa yamefika magotini, njia ya kuingilia kwetu kutoka barabara ya Malindi ilikuwa tope tupu, na hakuna jani hata moja lililokuwa na mpango wa kudondoka. Vuli kwetu ni mvua. Ni wakati ambao Sabaki inashuka na udongo wa bara na bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye jalada la kijitabu kulikuwa na mzungu amesimama ndani ya mto, maji kiunoni, meupe kama glasi, miti ya dhahabu nyuma yake, na mshipi umejikunja juu ya kichwa chake kama mwandiko. Niliandika "majira ya kupukutika majani". Maneno manne badala ya moja, na kwa kuwa nalipwa kwa neno, sikulalamika.

Lakini kazi ilinishinda kwa namna nyingine. Sikuelewa kwa nini mtu mzima atumie siku nzima kumdanganya samaki kwa unyoya. Nikamuuliza rafiki yangu anayefanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni huko Kilifi, ambako wageni huacha vitabu wakirudi kwao, kama ana chochote kuhusu jambo hili. Akaniletea A River Runs Through It cha Norman Maclean, kimevimba kwa unyevu, mchanga bado umo katikati ya kurasa. Kijitabu nilikimaliza kwa siku tano nikalipwa. Kitabu nimekisoma mara tatu, na filamu yake nimeitazama mara mbili, na sasa nataka kusema kwa nini kimoja ni kikubwa na kingine ni kizuri tu.

Mimi si mhakiki wa kusomea. Fasihi niliisoma mihula mitatu chuoni, huko bara, kabla karo haijaisha. Jinsi karo ilivyoisha nitaeleza mbele, kwa sababu inahusu.

Maclean alizaliwa 1902, akalelewa Missoula, katika jimbo la Montana, akafundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Chicago miaka na miaka. Hadithi hii aliitoa 1976, akiwa na umri wa miaka 73. Wachapishaji wa New York waliikataa. Mmoja, kwa maelezo ya Maclean mwenyewe, alilalamika kwamba hadithi zake zina miti ndani yake. Hatimaye ikachapishwa na idara ya uchapishaji ya chuo hicho cha Chicago, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa haijatoa hadithi mpya ya kubuni. Mwaka 1977 waamuzi wa tuzo ya Pulitzer waliipendekeza, bodi ikaamua kwamba mwaka huo hakuna wa kupewa tuzo ya riwaya. Kama wewe ni mwandishi na umekataliwa wiki hii, kunywa maji, endelea.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ni kiangazi cha 1937. Kuna ndugu wawili, watoto wa mchungaji wa Presbyterian. Norman, mkubwa, ameoa. Paul, mdogo, ni mwandishi wa habari na ndiye mvuvi bora kuliko wote wanaomjua. Paul anakunywa. Paul anacheza kamari ya karata, na ana madeni kwa watu ambao hupaswi kuwa na madeni kwao. Usiku mmoja polisi wanampigia simu Norman aje kumchukua nduguye rumande. Kila mtu anaona. Hakuna anayeweza kumuuliza, na akiulizwa hajibu, na akijibu anatania. Basi wanaenda kuvua. Wanavua tena. Mwishoni Paul anauawa uchochoroni kwa kipigo. Sijakuharibia utamu, tangu ukurasa wa kwanza unahisi mtu anayesimulia anaongea na marehemu. Na huyo marehemu alikuwepo kweli: Paul Maclean aliuawa Chicago mwaka 1938. Mwandishi alibeba kifo hicho karibu miaka arobaini kabla ya kukichapisha.

Sasa uvuvi wenyewe. Nitaueleza nilivyouelewa, maana ufito wake sijawahi kuushika. Mshipi wetu wa huku uzito wake uko kwenye chubwi: unatupa risasi, uzi unafuata, ndoana inazama na chambo chake. Nzi bandia hana uzito. Ni manyoya kidogo, uzi na ndoana ndogo kama kucha ya mtoto. Huwezi kumrusha. Kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito, na ufito unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke hewani, halafu unaupeleka mbele. Ukiharakisha unapasuka kama mjeledi na nzi anakatika. Ukichelewa unakuangukia kichwani. Baba yao, mchungaji, aliwafundisha kwa chombo cha kupimia mapigo ya muziki, mapigo manne, ufito ukitembea kati ya namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa. Yaani saa nne na saa nane zetu. Niliposoma hapo nilicheka, nikawaza Mswahili gani angefundishwa hivyo na asivunje ufito siku ya kwanza.

Maclean anaeleza haya yote kwa kurasa na kurasa. Mwamba uko wapi, maji yanazunguka vipi nyuma yake, trauti amelala upande gani, upepo unatoka wapi, tawi gani litakunyang'anya nzi. Mara ya kwanza niliruka nyingi. Mara ya pili ndipo nikaona kinachoendelea. Hebu kisome uone kurasa hizo zinakaa wapi. Kila mara Norman anapokaribia kumwambia Paul jambo la maana, kila mara kuna pesa au pombe au damu ya kuzungumziwa, wanaingia mtoni na sentensi zinageuka kuwa za ufundi. Hazikuwekwa pale kukufundisha wewe kuvua. Zinafanya kazi ileile inayofanywa na "habari ya shamba" kati ya watu wawili ambao mmoja wao amemkosea mwenzake. Kitabu kinayatazama maji kwa makini hayo kwa sababu hakiwezi kumtazama Paul usoni.

Hapo nikaweka kitabu chini, kwa sababu nina kaka.

Kaka yangu ananizidi miaka sita. Aliacha shule kidato cha pili akaenda na mjomba baharini, na leo ukiuliza pale kwenye mkondo wa Kilifi nani anajua mshipi, watakutajia wazee wawili halafu yeye. Anavua kwa mkono, bila ufito. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, ambacho amekivalisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, lakini chini ya mpira kuna kovu linalozunguka kidole kama pete. Anashusha chubwi akihesabu pima kwa mdomo, polepole, sauti ileile aliyokuwa akinihesabia nikijifunza kufunga viatu. Changu akigusa chambo anakwambia ni changu kabla hajamwona. Tafi akigusa anatukana. Sijui anajuaje. Nilishawahi kushika uzi uleule, wakati uleule, nikahisi maji tu.

Muhula wangu wa kwanza na wa pili ulilipwa na kaskazi. Upepo ule ukitulia wanatoka nje ya mwamba, wanarudi na nguru na kolekole, na kaka alikuwa akituma pesa kidogo kidogo, kila siku anapouza, pamoja na ujumbe wa maneno mawili: "Soma wewe." Muhula wa tatu mama aliuza mbuzi. Muhula wa nne, karo yote ilikusanywa ikawekwa kwenye simu ya kaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na laini isiyo na deni. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Jumamosi moja aliiweka yote kwenye mkeka wa mechi nane. Saba ziliingia. Ya nane ilikuwa sare.

Alinipigia Jumatano. Alianza kwa kuniuliza huko bara baridi ikoje.

Nilirudi nyumbani mwezi uliofuata na tangu siku hiyo, miaka minne sasa, hatujawahi kulizungumza. Tumezungumza ndoana namba nane na namba kumi ipi inafaa bamvua. Tumezungumza bei ya ngisi. Tumezungumza injini ya mwenye boti. Nikisoma Norman akimweleza Paul kuhusu aina ya mdudu anayeruka juu ya maji mchana ule, najua kabisa anachosema.

Kwa hiyo niruhusu niwe mkali kwa filamu. Robert Redford aliitoa 1992, na anasoma simulizi kwa sauti yake mwenyewe, na ilipata Oscar ya upigaji picha, na ilistahili. Kila tone la maji lina jua ndani yake. Wavuvi wanasema baada ya filamu hiyo mito ya Montana ilijaa watu waliotaka kuwa Brad Pitt, ingawa mikono inayorusha mshipi kwenye picha nyingi ni ya Jason Borger, mvuvi aliyeajiriwa kumwakilisha. Hata mto si wenyewe. Hadithi ni ya Blackfoot, lakini picha nyingi zilipigwa Gallatin na mito mingine, kwa sababu Blackfoot wa miaka hiyo ulikuwa umeumizwa na migodi na ukataji miti. Sina ugomvi na hilo. Filamu ni filamu.

Ugomvi wangu ni umri. Redford alichukua kiangazi kimoja cha watu wazima akakivuta hadi kikawa utoto, ujana, mapenzi ya kwanza na barua ya kukubaliwa kazini. Norman wa filamu ni kijana anayejitafuta. Norman wa kitabu ana miaka zaidi ya thelathini, ana mke, ana kazi, ana gari, na anajua. Tofauti ni kubwa sana. Kijana asiyemsaidia nduguye ni hadithi ya huzuni. Mtu mzima asiyemsaidia nduguye, ambaye amepigiwa simu na polisi, ambaye baba yake amemuuliza kwa kuzungukazunguka, ambaye alikuwa na pesa kidogo na siku nzima kwenye gari pamoja naye, huyo ana jambo la kujibu. Kitabu kinajua. Filamu inamtoa Norman kwenye kesi halafu inatuonyesha machweo.

Sema pia kitabu kina ubaya wake, na kwa msomaji wa huku ubaya huo hauko mbali.

Kwanza, chambo. Norman ana shemeji anaitwa Neal, amekuja kutoka California na kopo la minyoo. Kitabu kinamcheka kurasa nzima. Kuvua kwa minyoo katika nyumba ya Maclean ni karibu sawa na kuiba sadaka. Neal ni mlevi na mwongo, sawa, acheni achekwe kwa hayo. Lakini dharau kwa chambo yenyewe niliiona kama dharau kwa kila mtu anayevua ili ale. Chambo ni kazi. Ni kuamka saa tisa usiku ukamtafute anayeuza ngisi kabla hajaisha. Ni kukubali kwamba samaki naye ana njaa. Mtu anaweza kuuona unyoya kuwa mtakatifu akiwa na hakika ya chakula cha jioni. (Kaka yangu nilipomweleza jambo hili aliuliza swali moja tu: "Sasa huyo mwenye minyoo alipata?" Hakupata. "Basi ndio maana wanamcheka.")

Pili, watu. Mto una jina la Blackfoot, jina la wenyeji wa asili wa nchi ile, na kwenye mto wenyewe humuoni hata mmoja wao. Anayeonekana ni msichana wa Paul, nusu Cheyenne, na anaonekana rumande, amelewa, baada ya Paul kupigana na mtu aliyemtukana kwa asili yake. Msimulizi anambandika kwa utani jina la mwanamke wa Cheyenne wa kwenye historia, anatwambia anapenda wanaume wapigane kwa ajili yake, halafu anaondoka kwenye hadithi. Kitabu chenye subira ya kueleza mkunjo mmoja wa maji kwa nusu ukurasa hakikupata nusu ukurasa wa kumsikiliza. Filamu angalau inampa jina la kawaida na mlango wa baa ambao hawataki aingie.

Na hapa lazima nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu trauti si mgeni kabisa Kenya. Ni mgeni aliyeletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa safari ya miguu ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wake wakatiwa kwenye mto Gura, milima ya Nyandarua. Mwaka 1907 Grogan huyohuyo aliwacharaza viboko hadharani Wagikuyu watatu, Nairobi, mbele ya mahakama. Ni mtu mmoja na mikono ileile, na imepita miaka miwili tu. Wagikuyu wa jadi hawakuwa na mazoea ya kula samaki, kwa hiyo trauti aliwekwa kwenye maji ya watu ambao hawakumhitaji, ili watu wengine wapate kitu cha kuwakumbusha kwao. Mito ikawekewa leseni. Sagana Lodge, ambako Elizabeth alikuwa alipopata habari mwaka 1952 kwamba baba yake amekufa na sasa yeye ni malkia, ilikuwa nyumba ya kando ya mto wa trauti, zawadi ya harusi kutoka serikali ya koloni. Mwishoni mwa mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa, na misitu ambamo Gura inapita ikawa uwanja wa vita.

Huo mto nimeuona. Mwaka wa kwanza chuoni tulienda na wenzangu matembezi, nikaingiza mguu majini, nikautoa haraka kwa maumivu. Sikuwahi kujua maji yanaweza kuuma. Mwenzangu mmoja akaniambia maji haya yanaishia kwenu. Nilibisha, nikaenda kutazama ramani. Kweli. Gura inaishia Sagana, Sagana ndiyo Tana ya juu, na Tana inamwaga Kipini, kaskazini mwa Malindi. Trauti mwenyewe hawezi kuifanya safari hiyo. Anataka maji baridi yenye hewa nyingi, angekufa kabla hajafika nusu ya njia. Lakini maji yanakuja, yakiwa yamebeba udongo wa kila mtu.

Kuna kitu kingine ambacho wasomaji wengi wa Maclean hawakijui. Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi bandia kwa mkono na kuwauza Ulaya na Marekani. Kazi hii iko tangu enzi za walowezi. Mama wa rafiki yangu wa chuo aliifanya, Nairobi, miaka kumi na kitu: kibano kidogo mezani, ndoana kwenye kibano, unyoya wa jogoo, uzi, mizunguko, fundo, mkasi. Alilipwa kwa dazeni. Aliwajua kwa majina yao ya Kiingereza na akawatofautisha kwa kuwagusa tu, kama kaka anavyomtofautisha changu. Trauti hajawahi kumwona. Nilimwonyesha picha kwenye simu akasema, "Kumbe ana madoadoa."

Ninalitaja hili kwa sababu Maclean, kwa haki yake, anawaheshimu wafungaji nzi. Mtu aliyewafungia yeye na Paul, George Croonenberghs, ametajwa kwa jina lake ndani ya hadithi. Hilo nalipenda. Lakini Croonenberghs alikuwa jirani, alikuwa mvuvi mwenzao, alijua nzi huyu anaenda kwa Paul na yule kwa mchungaji. Mara ya tatu niliposoma kitabu, kila nzi alipotua juu ya maji nilimwona mama yule ameinama mezani, na nikawaza inawezekana kabisa mzungu wa kwenye jalada la kijitabu changu, yule wa majani ya dhahabu, alikuwa amefunga mwisho wa mshipi wake kitu kilichotoka Nairobi.

Najua utaniuliza Hemingway, kwa sababu huku kwetu ukisema uvuvi na fasihi kuna mzee atakwambia Hemingway alifika Malindi. Alifika, mapema 1934, kuvua samaki wakubwa wa bahari. Hadithi yake ya trauti ni ya zamani zaidi, ya 1925, "Big Two-Hearted River", na ni hadithi nzuri sana. Kijana ametoka vitani, anakwenda mtoni peke yake, anavua kwa panzi. Chambo, zingatia. Vita haitajwi hata mara moja. Maclean anatumia mbinu ileile ya kunyamaza, lakini kazi aliyojipa ni ngumu zaidi. Kijana wa Hemingway hana mtu wa kumjibu. Anaweza kukaa kimya hadi apone. Norman ana ndugu amesimama hatua ishirini chini ya mto, maji magotini, anacheka, na kimya kile kila siku kinamgharimu.

Kuna ukurasa karibu na mwisho ambao filamu imeugusa kwa haraka na kitabu hakikuugusa kwa haraka. Paul ameuawa. Norman anamwambia baba yake kile polisi walichomwambia, na baada ya kila kitu baba anauliza kama kuna zaidi. Kuna zaidi: karibu mifupa yote ya mkono mmoja ilikuwa imevunjika. Baba anauliza mkono gani. Ulikuwa wa kulia. Ni hayo tu. Hakuna anayeeleza maana yake. Wewe msomaji umekaa kurasa mia ukifundishwa mkono ule unafanya nini, kati ya namba 10 na namba 2, mapigo manne, na sasa unaelewa kwa nini ulifundishwa. Unaelewa alipigana hadi mwisho, na unaelewa baba anatafuta nini, kitu kidogo cha kushika. Zile kurasa za ufundi nilizoziita kurasa za kukwepa zinalipa deni lao hapa, zote kwa mara moja. Sijui kitabu kingine cha uvuvi chenye uwezo huu. Ningekuwa bado nasoma chuo ningeandika tasnifu juu ya swali hilo moja la mzee.

Lakini sikukubali kila kitu. Kitabu kinataka niamini kwamba unaweza kumpenda mtu kikamilifu bila kumwelewa, na kwamba hilo linatosha. Kwa marehemu labda linatosha. Wangu yuko hai. Ana deni la mkopo wa simu, najua kwa sababu wananipigia mimi. Aliandika namba yangu kama mdhamini. Wananiita "ndugu mteja". Nimewasikia mara tatu mwezi huu na mara zote tatu nimekata simu nikaenda kumtafuta kaka nimwambie, na nikimkuta namuuliza bahari ikoje.

Wiki iliyopita alinikuta nimekaa chini ya mwembe na kitabu. Vuli ya mwaka huu imechelewa, alikuwa ametoka kumpelekea mama karanga samaki, ana harufu ya chumvi na petroli. Akakichukua, akatazama jalada.

"Huyu anavua nini?"

"Trauti. Samaki wa maji baridi."

"Analiwa?"

"Analiwa. Ila siku hizi wengi wakimpata wanamrudisha majini."

Alicheka hadi akashika mti. Nikamweleza nzi, manyoya, mapigo manne. Akaniomba nimwonyeshe nikamwonyesha kwa fimbo ya kuangulia maembe, naye akaichukua akajaribu, na wallahi jaribio la tatu mkono wake ulisubiri pale nyuma, sekunde ile ile inayotakiwa, bila kuambiwa. Akairudisha fimbo kwenye mti.

"Inaishaje?" akauliza.

"Yule mkubwa anazeeka. Anabaki anavua peke yake."

"Na mdogo?"

"Yule ndiye alikuwa hodari kuliko wote."

Simu yake ikatetema mfukoni. Hakuitoa. Akaniuliza kama mshipi mzito namna ile haukati kidole.